Jengeni, Pandeni, Kaeni

Somo: Yeremia 29:4-14

 

Asubuhi hii twapenda kusema juu ya kukaa ugenini kwa muda mrefu. Watu wetu walianza zamani kutoka vilimani kwenda kutafuta kazi na elimu. Wako Nairobi, wako nchi za Waarabu, na wengi wako Minnesota huko Marekani. Lakini tarehe 25 Juni 2024 ilianza safari ya namna nyingine. Siku hiyo askari polisi wa kwanza wa Kenya walishuka Port-au-Prince, mji mkuu wa Haiti, katika visiwa vya Karibi. Walitumwa kuwasaidia polisi wa huko kupambana na magenge yenye silaha. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilikuwa limetoa idhini ya miezi 12, tarehe 2 Oktoba 2023. Mwaka uliofuata likaongeza mwaka mwingine. Safari iliyohesabiwa kwa miezi ikawa ndefu.

Mtu aliyezoea baridi ya Nyamira alikuta joto la pwani. Lugha za huko ni Krioli na Kifaransa. Kambi yao ilikuwa karibu na uwanja wa ndege, na kutoka nje kulikuwa kwa gari la chuma lisilopenya risasi. Hata saa hazikulingana. Hapa ikiwa saa moja asubuhi, mama anapokwenda kuchuma majani ya chai, kule ni saa tano au saa sita ya usiku uliopita. Je, mtu wa Mungu akae vipi mahali kama hapo?

Yeremia aliwaandikia barua watu wa Yuda waliochukuliwa mateka mpaka Babeli. Walitazamia habari ya kurudi. Nabii akawaambia, kwa neno la Bwana, wajenge nyumba na kukaa, wapande bustani na kula matunda yake, waoe na kuzaa watoto. Tena wautafute usalama wa mji ule na kuuombea, kwa sababu usalama wao wenyewe ulikuwa ndani ya usalama wa mji. Twapata hapa mambo matatu.

La kwanza, tusifarijiane kwa uongo. Katika sura ya 28, nabii Hanania aliwaahidi watu kwamba miaka miwili ingetosha. Yeremia akasema 70. Watu walimpenda nani? Bila shaka yule wa miaka miwili. Nasi twafanya vivyo hivyo kwenye simu. Baba amwambia mtoto, “Krismasi nitakuwa nyumbani,” naye hana uhakika wowote. Mtoto ahesabu siku, Krismasi yaja, baba haji. Ahadi ya tatu ikivunjika, mtoto haamini tena neno la baba yake, wala lile la upendo. Afadhali kusema, “Mwanangu, siku siijui, Mungu aijua. Leo nimekula, nimelala salama, nami nimekuombea.”

La pili, kukaa hujengwa kwa mambo madogo. Askari aliye ndani ya ukuta hana shamba la kupanda, lakini aweza kujifunza salamu. Wahaiti husema “bonjou” asubuhi, kama sisi tusemavyo “bwakire.” Aweza kula ndizi zao za kukaanga na wali wao wa maharagwe kwa shukrani, badala ya kunung’unika kila siku kwamba si chakula cha kwao. Aweza kuweka saa ya kusali na saa ya kupiga simu nyumbani, asiiachie kwa ulevi. Wao wenyewe wana methali isemayo kwamba kidogo kidogo ndege hujenga kiota chake. Ni ndugu ya haba na haba yetu.

La tatu, utafuteni usalama wa mji. Watu wa Haiti si bunduki na moshi tu. Mababu zao walinyakuliwa kutoka Afrika, wakavushwa bahari kwa minyororo, bila meli ya kuwarudisha. Katika nchi ya utumwa walijenga lugha yao na jamaa zao, na tarehe 1 Januari 1804 wakatangaza uhuru. Kila 1 Januari hunywa supu ya boga, chakula ambacho yasimuliwa kwamba watumwa walikatazwa kukigusa. Kufikia katikati ya 2025, watu kama milioni 1.3 walikuwa wamefukuzwa makwao na magenge hayo. Mkenya aliyewaombea watu hao kwa kweli hakuweza kuwadharau, kwa maana ni vigumu kumdharau mtu unayemtaja mbele za Mungu.

Nanyi mliobaki nyumbani, barua hii ni yenu pia. Mke aliyeachwa Kebirigo asiketi kama abiria kituoni. Na ajenge, apande, aamue juu ya karo na ng’ombe, na wakwe wamheshimu. Simu zetu nazo zisiwe za kuomba fedha tu. Siku moja mpigie ndugu yako kumwuliza usingizi wake.

Liko jambo moja zito, wala hatutalificha. Miaka 70 ni mingi. Wengi waliosomewa barua ile walizikwa Babeli. Vivyo hivyo, mwezi Februari 2025 askari wa kwanza wa Kenya aliuawa Haiti, na si wa mwisho kufa huko. Mbele ya familia kama hizo kanisa lisiharakishe maneno. Tukae nao, tuwapelekee maji na kuni, tulie nao. Lakini hatusemi kwamba Mungu aliwadanganya wale waliokufa Babeli. Alisema kwamba wakimtafuta kwa moyo wote ataonekana kwao, na hakuwaambia wangoje kwanza mpaka wafike Yerusalemu. Alionekana kwao palepale, kando ya bustani walizopanda.

Tuombe. Ee Bwana, uwalinde walio mbali, uwatie nguvu walio nyumbani, uwafariji wanaoomboleza. Uwape watu wa Haiti amani. Utufundishe kukaa vema mahali ulipotuweka leo. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.