Mama Albertina Sisulu, Muuguzi na Nguzo ya Nyumba
Hotuba ya wauguzi katika sherehe ya Jubilei ya Jimbo



Katika siku hizi za Jubilei tumesikia habari za wale waliojenga makanisa na shule za Jimbo letu. Sisi wauguzi tumepewa nafasi ya kunena juu ya kazi yetu. Tumeona vema tusijisifu wenyewe, bali tumkumbuke mama mmoja wa Afrika ya Kusini, mwanafunzi wa misioni kama wengi wetu, ambaye nchi yetu ina deni kwake, wala si wengi walijuao. Huyo ndiye Mama Albertina Sisulu.

Alizaliwa Oktoba 21, 1918, katika kijiji cha Camama, wilaya ya Tsomo, nchi ya Transkei. Mwaka ule homa kuu ya mafua iliua watu wengi mno duniani, na mama yake aliipata hali ana mimba. Mtoto akazaliwa salama, akaitwa Nontsikelelo, jina lenye maana ya baraka. Lakini mama hakurudiwa na afya yake sawasawa. Baba naye alifariki binti angali mdogo, akamwachia neno la kuwaangalia nduguze. Basi alikuwa muuguzi kabla hajalijua jina la kazi hiyo. Alibeba wadogo zake mgongoni, akamtunza mama mgonjwa, na shule akaikosa mara nyingi kwa ajili yao.

Hata hivyo alikuwa hodari wa masomo. Alishinda mtihani wa kupewa msaada wa kusomeshwa, kisha akanyimwa kwa kuwa umri wake umezidi. Waalimu wake walichukizwa na dhuluma hiyo, wakapeleka habari gazetini. Mapadre wakazisoma, wakamtafutia nafasi katika shule ya Kikatoliki ya Mariazell, naye akaingia mwaka 1936. Chakula na malazi alivilipa kwa jasho lake: wenzake walipokwenda kwao wakati wa likizo, yeye alibaki akilima na kufua nguo. Huko ndiko alikoipokea imani ya Kikatoliki.

Alitamani kuwa sista. Padre Bernard Huss, aliyemjua hali yake, akamweleza kwamba sista hapati mshahara wa kuwalisha wadogo zake. Afadhali ashike kazi ya uuguzi. Ndugu wapenzi, neno hili tulitafakari. Watu husema kwamba ajitoaye kwa wagonjwa huwasahau watu wake, na ashikaye nyumba yake hana nafasi ya kuwatumikia wengine. Mama huyu hakuchagua moja na kuliacha la pili. Aliwauguza wageni ili ndugu zake wapate kula, na huruma aliyojifunza nyumbani akawapelekea wageni.

Mwaka 1940 alianza mafunzo katika hospitali ya watu wasio Wazungu mjini Johannesburg. Aliolewa na Walter Sisulu mwaka 1944, wakajaliwa watoto watano, wakalea na watoto wa jamaa zao. Mwaka 1954 akahitimu ukunga. Siku zile mkunga wa mitaa ya Waafrika hakupewa gari: alikwenda kwa miguu nyumba kwa nyumba, sanduku la dawa, mabakuli na pamba kichwani. Naye aliwezaje kutoka hali ana watoto wadogo? Mama mkwe wake alikuwamo nyumbani, akishika jiko na watoto. Hata nguzo haisimami bila udongo ulioshindiliwa pembeni yake.

Sasa tulitaje deni letu. Tanganyika ilipopata Uhuru, Desemba 9, 1961, wauguzi wengi Waingereza waliondoka, na hospitali zikaachwa na upungufu mkubwa. Ndipo wauguzi Waafrika wa Afrika ya Kusini walipokuja kutusaidia, nao walivuka mpaka kwa siri kupitia Bechuanaland, iitwayo leo Botswana. Mama Albertina alikuwa miongoni mwa waliowatafuta na kuwasafirisha. Tukumbuke kwamba watu wake mwenyewe hawakuwa na wauguzi wa kutosha. Alitoa katika kidogo.

Mwaka 1963 alifungwa, mwanamke wa kwanza kushikwa kwa sheria iliyowapa polisi ruhusa ya kumweka mtu kizuizini siku 90 bila hukumu. Alikaa peke yake karibu miezi miwili, nao wakamtesa moyo kwa kumwambia kwamba watoto wake wagonjwa sana na mumewe yu kufani. Hakuwasaliti wenzake. Juni 12, 1964, mumewe akahukumiwa kifungo cha maisha, asirudi nyumbani hata Oktoba 1989. Kwa miaka hiyo 25 mama aliilisha nyumba kwa mshahara wa muuguzi na kwa kushona. Watoto nao walilipa: mmoja alikwenda uhamishoni akiwa kijana, wengine wakatiwa kizuizini. Tusidhani kwamba moyo wake haukuumia.

Hata alipotimiza miaka 70 alikuwa bado akiuguza katika zahanati ya Daktari Abu Baker Asvat huko Soweto, naye alikuwamo siku ile daktari alipouawa humo kwa risasi, Januari 27, 1989. Mei 1994, Bunge la kwanza la watu wote lilipokutana, ndiye aliyelitaja jina la Nelson Mandela achaguliwe Rais. Alifariki Juni 2, 2011, mwenye miaka 92.

Ndugu wapenzi, hatuombi sifa kwa ajili ya habari hizi. Twaomba neno moja. Jirani yenu muuguzi aitwapo usiku kumzalisha mke wa mtu, watoto wake hubaki nyumbani. Basi mume asione haya kupika uji, bibi asichoke kulea, na jirani abishe hodi awatazame. Hivyo nanyi mtakuwa mmewauguza wagonjwa wa Jimbo hili, na deni letu kwa mama yule tutakuwa tumeanza kulilipa.