Upasuaji wa Mtoto wa Jicho kwa Msaada wa Picha: Mlaji Analipia Nini?



Mtoto wa jicho ndio ugonjwa unaoongoza kwa kusababisha upofu duniani, na tiba yake ni kuondoa lenzi iliyopata ukungu na kuweka ya bandia. Siku hizi zipo kliniki zinazotangaza upasuaji unaoongozwa na picha, kwa bei ya juu. Tumeona ni wajibu wetu kueleza kinachouzwa hapo.

Mitambo hiyo ni ya aina tatu. Wa kwanza huungwa na hadubini ya upasuaji, ukamwonyesha daktari tabaka za jicho papo hapo. Humfaa hasa anaposhuku udhaifu wa kifuko cha lenzi, ambacho upande wa nyuma kina unene wa mikromita chache tu. Wa pili hupima jicho baada ya lenzi kutolewa, ili kuhakiki nguvu ya lenzi bandia; huweza kuwasaidia waliowahi kufanyiwa konea marekebisho ya leza, kwani vipimo vyao vya awali huweza kupotosha. Wa tatu huongoza leza inayofanya baadhi ya mikato badala ya mkono wa daktari.

Je, ni vya lazima? La. Utafiti uliofanywa katika hospitali tano za vyuo vikuu nchini Ufaransa, na kuchapishwa mwaka 2020, haukuona leza hiyo ikiushinda upasuaji wa kawaida wa mawimbi ya sauti, ilhali gharama yake ilikuwa kubwa zaidi. Picha humsaidia daktari. Hazichukui nafasi ya ustadi wake, wala ya vipimo makini kabla ya upasuaji.

Basi kabla ya kutia saini, tunakushauri uulize:

1. Jicho langu lina hali gani inayohitaji mtambo huu?
2. Bei yake ni kiasi gani, ikiandikwa mbali na bei ya upasuaji na ya lenzi?
3. Nikiukataa, nitafanyiwa upasuaji wa kawaida?
4. Nitapewa kadi yenye aina na nguvu ya lenzi niliyowekewa?

Asiyejibiwa waziwazi ana haki ya kutafuta ushauri wa daktari mwingine. Lakini tunasisitiza: asiwepo anayeahirisha tiba mwaka hadi mwaka akikusanya fedha za mtambo asiouhitaji. Upasuaji wa kawaida, mikononi mwa daktari stadi, hurejesha nuru.