Dona, Ndiyo, Mahindi Je?

Msikilizaji, juzi nilikuwa kwenye foleni ya mashine ya kusaga. Kijana wa mashine akamuuliza mama aliyekuwa mbele yangu, “Tukoboe?” Mama akajibu, “Saga hivyo hivyo, mwanangu. Kliniki wamesema tule dona.”

Kliniki hawakukosea. Sembe nyeupe pe tunayoringia ni wanga tu kwa sehemu kubwa. Kiini na ganda, kwenye mafuta, vitamini na nyuzinyuzi, vinaishia kwenye pumba, wakafaidi kuku.

Ila nilichungulia ile ndoo. Mlikuwa na punje zilizosinyaa, nyingine zimeota ukungu wa kijani. Hapo ndipo dona inapogeuka. Sumukuvu, sumu inayotengenezwa na kuvu wa mahindi na karanga, hujaa zaidi kwenye ganda na kiini. Anayekoboa anaipunguza bila kujua. Anayesaga dona anaila yote. Wala usitegemee moto: ugali utaiva, sumu itabaki.

Mwaka 2016, mikoani Dodoma na Manyara, watu 68 waliugua kwa sumukuvu, 20 wakafa. Wenzetu wa Kenya walizika watu 125 mwaka 2004, wengi wao wa Makueni na Kitui. Hao ni walioila nyingi kwa mpigo. Anayeila kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, anaweza kuja kugundulika na saratani ya ini, na hakuna anayekumbuka gunia.

Kinachonikera ni kwamba ushauri tunautoa nusu. Tunamwambia mama asage dona, hatumuulizi mahindi yalianikwa wapi. Yakianikwa kwenye udongo, yakatiwa gunia na unyevu wake, kuvu kapata nyumba. Na kipimo si cha gharama: chukua chupa ya kioo iliyokauka, tia punje na chumvi kavu kidogo, funga, tikisa, kisha uiache itulie. Chumvi ikinata kwenye kioo, mahindi bado mabichi. Yarudishe juani, juu ya turubai.

Yule mama nilimwonyesha zile punje. Hakubishana. Akatoka foleni, akakaa kwenye benchi, akaanza kuchambua. Mbovu zilipojaa kiganja akaniuliza, “Hizi si niwape kuku?”

Hapana, mama. Kuku nao zinawadhuru, na ng'ombe akila, sumu inakurudia kwenye maziwa. Zifukie.