Nembo ya Uongo ni Mizani ya Hila



Nimeombwa kuzungumzia bidhaa bandia, nami nimechagua kitu kidogo: katriji ya wino wa printa ya nyumbani. Wapo vijana wanaojipatia riziki kwa kuchapa nyumbani barua za maombi ya kazi na mitihani ya majaribio. Mimi mwenyewe niliwahi kununua katriji kwa nusu ya bei ya kawaida. Kabla sijachapa kurasa kumi, wino ulivuja ndani ya mashine.

Tuelewane kwanza. Katriji iliyojazwa upya na kuuzwa kwa jina hilo si bandia, kwa maana mnunuzi anajua anachokinunua. Bandia ni ile iliyovishwa nembo ya mwingine ili kumdanganya mnunuzi. Mara nyingi ndani ya boksi hilo zuri mna katriji kuukuu yenye wino hafifu.

Wino wa printa hizi hupita katika vitundu vyembamba kuliko unywele. Wino usiofaa huganda na kuviziba. Katika baadhi ya printa vitundu hivyo vimo katika katriji yenyewe, na hasara huishia hapo. Katika nyingine vimo ndani ya mashine, na matengenezo yaweza kukaribia bei ya mashine mpya. Kwa kijana aliyeanza kwa mtaji wa mkopo, huo ndio mwisho wa kazi yake.

Ninyi wakulima wa alizeti na vitunguu mnaijua lumbesa: gunia hufurika, malipo ni ya gunia moja. Lumbesa humwibia muuzaji. Nembo ya uongo humwibia mnunuzi. Dhambi ni moja, ile ile ambayo nabii Amosi aliikemea kwa wenye mizani ya hila.

Sheria ya Alama za Bidhaa ya mwaka 1963 yakataza udanganyifu huu, na Tume ya Ushindani ina mamlaka ya kukamata bidhaa hizo. Basi, daini risiti. Kagueni lakiri na maandishi ya boksi. Bei ya chini mno iwe onyo. Boksi tupu lichaneni, lisije likavishwa katriji nyingine. Mkidanganywa, tunzeni boksi na risiti, mkatoe taarifa.

Nakiri kwamba nilishawishika kumwuzia mwingine katriji ile ili nirudishe fedha yangu. Hapo ndipo haki hujaribiwa: aliyeibiwa asigeuke kuwa mwizi.