Susu na Mchezo wa Nyoka



Siku moja tukichimba matuta, tulimkuta mweka hazina wetu, susu mwenye wajukuu tisa, ameinamia simu chini ya mwembe. Tulidhani anahesabu pesa za kikundi. Kumbe anacheza nyoka, ule mchezo uliokuja na simu za Nokia mwaka 1997! Tulicheka sana.

Lakini jamani, wangapi hapa hutuma M-Pesa bila kumwita mjukuu? Susu hampi mtu namba yake ya siri. Nyoka ndiye aliyemzoesha zile batani, na pesa zetu ziko salama.

Basi tusimcheke, atufundishe. Ila mchezo wa kubahatisha kwa pesa ni kamari. Huo tuukimbie.