Adhabu kwa Udanganyifu katika Mbio za Magari: Nani Amesaini Fomu?

Mada iliyowasilishwa katika semina ya waamuzi na wakaguzi wa magari ya mashindano, Makambako



Nimeombwa nianze na maana. Udanganyifu ni kujipatia faida iliyokatazwa na kanuni. Adhabu ya haki hulingana na kosa na humfikia mkosaji. Hayo mnayajua, tuendelee. Maoni nitakayotoa ni yangu, si msimamo wa chama chetu cha mbio za magari.

Kwa miaka mingi nimegombana na swali moja: tunamwadhibu nani?

Mwaka 1995, katika rali ya Catalunya nchini Hispania, wakaguzi waliifungua turbo ya Toyota Celica, gari ambalo Wakenya walizoea kuliona likishinda Safari Rally. Kanuni ilitaka hewa yote ipite kwenye tundu la milimita 34. Kifaa kilichofichwa kilipitisha hewa ya ziada pembeni, na ukikifungua ili ukague, kinajirudisha mahali pake. FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, iliifungia Toyota miezi 12. Madereva wake, Juha Kankkunen na Didier Auriol, walifutiwa pointi za msimu, ingawa kifaa hawakukitengeneza wao. Wapo wanaoita huo uonevu. Mimi sioni hivyo: pointi zilizotokana na hewa ya wizi zirudi, na kuzirudisha si kumwita dereva mwizi.

Mwaka 2007 ikawa kinyume. Katika Formula One, timu ya McLaren, iliyokutwa na siri za mpinzani wake Ferrari, ilitozwa dola milioni 100 na kufutiwa pointi za timu. Madereva wake, Lewis Hamilton na Fernando Alonso, walibaki na zao kwa kuwa waliahidiwa kutoadhibiwa wakitoa ushahidi.

Lakini kesi inayotuhusu zaidi ni ya Singapore, 2008. Nelson Piquet Jr. wa Renault aligonga ukuta kwa makusudi, na mwenzake wa timu Alonso, aliyekuwa ametoka McLaren, akashinda. Mwaka uliofuata FIA ilimfungia bosi wa timu, Flavio Briatore, bila kikomo kwa kuhusika na njama hiyo. Januari 2010 mahakama ya Paris ikaitengua adhabu. Miongoni mwa hoja: Briatore hakuwa na leseni ya FIA, kwa hiyo FIA haikuwa na mamlaka ya kumfungia.

Someni hapo mara mbili. Kwetu anayesaini fomu ya kushiriki ni dereva na msoma ramani. Fundi aliyechezea injini hajasaini, na mwenye gari aliyemtuma hata jina lake hatuna. Ni kama kwenye mabasi: hapa Makambako, barabara kuu ya TANZAM inapoachana na barabara ya Songea, kila kijiwe kinajua kwamba dereva wa basi ndiye huandikiwa faini ya mwendo kasi. Tajiri aliyempigia simu awahi amelala. Nimelisema hili vikaoni hadi nikaonekana mkorofi. Hujibiwa kwamba litaangaliwa.

Tukitaka kuendesha rali kwenye barabara za vumbi za Wanging'ombe, napendekeza: fundi yeyote anayegusa gari asajiliwe na asaini. Mwenye gari asaini pia. Viwango vya adhabu viandikwe kabla ya mbio, si baada ya kujua nani kakamatwa. Matokeo yawe ya muda hadi ukaguzi uishe, na kombe lisitolewe kabla. Turbo zipigwe lakiri mbele ya timu. Anayetoa taarifa mapema apunguziwe adhabu, lakini faida aliyoipata asiachiwe. Rufaa isisikilizwe na walewale waliohukumu. Na fundi asaini. Narudia kwa kuwa ndilo pendekezo linaloondolewa kila mwaka kwenye muhtasari.

Rasimu ya fomu nimeiambatisha. Ni ukurasa mmoja, na haihitaji bajeti.