CHANJO, KAZI NA AFYA YA MWANAMKE

Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanachama, Kisumu



Tumetumwa na wenzetu wa Kamati ya Akina Mama tuseme nanyi juu ya jambo ambalo kwa desturi halisemwi mkutanoni. Wazee waliopo watuwie radhi. Twalisema kwa sababu linagusa mshahara, na linalogusa mshahara ni la chama. Jambo lenyewe ni chanjo, na yale ambayo wanawake huyaona katika miili yao baada ya kuchanjwa, na ile amri isemayo kwamba asiye na cheti asipite langoni.

Mtu atasema mambo hayo yalikwisha. Kweli amri za mwaka 2021 zimepita. Lakini sisi wa viwanda vya samaki, wa mahoteli na wa majikoni twajua kwamba kila miezi sita twatakiwa cheti cha afya kabla ya kushika chakula cha watu, na ndugu zetu wasafiri wajua kadi ya manjano. Sindano na kazi zina ujamaa wa siku nyingi. Ugonjwa mwingine ukija kesho, amri itakuja nao, na afadhali itukute tumekwisha kusemezana.

Tukumbuke kidogo. Chanjo za kwanza za Korona, zaidi ya milioni moja, zote za AstraZeneca, zilifika Nairobi tarehe 3 Machi 1921 – mpiga taipu asahihishe, ni 2021. Mwezi wa Mei ile namna ya virusi iliyoonekana kwanza India ikagunduliwa hapa hapa Kisumu. Tarehe 1 Juni Madaraka ikasherehekewa mjini kwetu, na tarehe 17 Juni Serikali ikazitia kaunti 13 za magharibi na za ziwani chini ya marufuku ya kutoka nje tangu saa moja jioni mpaka saa kumi alfajiri. Ninyi mnaouza samaki jioni Kondele mwajua saa moja jioni ni saa gani. Ndiyo saa ya chakula cha watoto wenu. Twazika watu mwaka ule, na wengine walikuwa wa tawi hili. Kwa hiyo asidhani mtu kwamba tumesimama hapa kuikana chanjo. Waliokufa kwa kukosa hewa tuliwaona kwa macho yetu.

Mwezi wa Agosti mwaka huo huo Mkuu wa Utumishi wa Serikali, Bwana Joseph Kinyua, akatoa waraka kwamba kila mtumishi wa Serikali awe amechanjwa ifikapo tarehe 23 Agosti, na asiyechanjwa atachukuliwa hatua za nidhamu. Novemba, Waziri wa Afya Bwana Mutahi Kagwe akatangaza kwamba tangu tarehe 21 Desemba asiye na ushahidi wa chanjo asihudumiwe katika ofisi za Serikali. Wakati huo, katika kila watu wazima kumi wa Kenya, hata mmoja hakuwa amemaliza chanjo zake. Mwananchi mmoja, Bwana Enock Aura, akaenda Mahakama Kuu, na tarehe 14 Desemba Jaji Anthony Mrima akaisimamisha amri ile.

Matajiri wa kampuni nao walikuwa wamekwisha kuiga. Mahali pamoja hapa ziwani, ambapo hatupataji, wanachama wetu walisimamishwa langoni asubuhi wakaambiwa warudi na cheti. Hakuna aliyekuwa amewaandikia barua, wala mwakilishi wetu hakuitwa. Vibarua wa kike ndio waliorudishwa wengi, kwa kuwa kibarua hana wa kumsemea. Wakaenda wakachanjwa siku ile ile, wakapanga foleni juani, kesho yake wakarudi kazini. Katika juma lililofuata wanne walituambia, kwa faragha na kwa aibu, kwamba damu ya mwezi imewajia kabla ya siku zake, na mmoja alitokwa damu siku tisa, naye kazi yake ni kusimama mezani na kisu tangu alfajiri, ndani ya buti za mpira, kwenye sakafu yenye barafu. Alipoomba ruhusa msimamizi alimwuliza, "Sindano ya begani yahusikaje na tumbo?" Watu wakacheka. Siku mbili alizolala nyumbani zikakatwa.

Sasa msimamizi yule hakuwa mwovu peke yake. Wakati ule hata wakubwa wa dawa hawakuwa na jibu, na sababu yake yafaa tuijue. Chanjo zile zilipojaribiwa kwa maelfu ya watu, waliojaribiwa waliulizwa juu ya homa, kichwa, uchovu na uvimbe wa mkono. Juu ya hedhi hawakuulizwa. Wajawazito nao waliachwa nje ya majaribio ya kwanza. Nusu ya wanadamu wote hupata hedhi katika maisha yao, na karatasi ya maswali haikuwa na nafasi ya neno hilo! Jambo lisiloulizwa haliandikwi, na lisiloandikwa huambiwa ni uzushi.

Walioleta jibu walikuwa wanawake wenyewe. Mwaka 2021 mwalimu mmoja wa chuo kikuu huko Marekani, Kathryn Clancy, aliona hedhi yake imebadilika baada ya chanjo, akawauliza wengine hadharani. Yeye na mwenzake Katharine Lee wakakusanya majibu ya watu zaidi ya 39,000, na katika wale ambao hedhi yao ilikuwa ya kawaida, 42 kwa mia walisema damu ilizidi. Hesabu hiyo tuishike kwa uangalifu, maana aliyepata taabu ndiye hupenda kujibu kuliko asiyepata. Daktari Alison Edelman na wenziwe walikwenda njia nyingine. Walitazama kumbukumbu za wanawake karibu 4,000 waliokuwa wakiandika siku zao kila mwezi kabla ya chanjo na baada yake, na Januari 1922 – ama huyu mpiga taipu na karne yake! – Januari 2022 wakatangaza kwamba mwezi wa waliochanjwa ulirefuka kwa muda usiofika siku moja, kisha ukarudi mahali pake. Mwezi wa Oktoba 2022 idara ya Ulaya inayosimamia dawa ikaagiza kwamba katika karatasi za chanjo za Pfizer na Moderna iandikwe kuwa hedhi nzito ni jambo laweza kutokea, na mara nyingi halikuwa la hatari wala la kudumu. Ikasema pia kwamba hapana ushahidi wa chanjo hizo kuharibu uzazi.

Basi yule mwenzetu wa siku tisa hakuwa mwongo, na tena hakuwa amelaaniwa asizae. Yote mawili ni kweli kwa pamoja, na twataka yasemwe pamoja. Anayesema la kwanza tu huwatisha watu, na anayesema la pili tu huwadharau.

Liko na jambo zito zaidi, la damu kuganda. Aprili 2021 idara ile ile ya Ulaya ilikubali kwamba chanjo ya AstraZeneca kwa nadra sana huleta kuganda kwa damu kwa namna ya hatari, na wengi wa walioripotiwa mwanzo walikuwa wanawake wa chini ya miaka 60. Mwezi huo huo Marekani ilisimamisha kwa siku chache chanjo ya Johnson & Johnson kwa ajili ya wanawake sita wa miaka 18 hadi 48, katika chanjo zaidi ya milioni sita zilizokwisha kutolewa. Uingereza ikawapa vijana wake chanjo ya namna nyingine. Hapa kwetu, mpaka mwezi wa Agosti, hapakuwa na nyingine ya kuchagua. Hatusemi Serikali ilifanya vibaya kutumia iliyokuwa nayo, kwa sababu hatari ya ugonjwa wenyewe ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko ile ya chanjo, hasa kwa mjamzito na kwa mzee. Twasema kwamba mwanamke aliyechomwa kwa amri ya tajiri alistahili kuambiwa: ukiumwa kichwa kisichopoa, au tumbo, au mguu ukivimba, au pumzi ikipungua katika majuma yanayofuata, nenda hospitali upesi. Maneno hayo yangeandikwa kwa Kiswahili na kwa Kijaluo kwenye karatasi moja, na karatasi si ghali.

Palipokosa karatasi uvumi ulijaza nafasi, nao tunaujua vizuri. Mwaka 2014, chanjo ya pepopunda ilipotolewa kwa wanawake wa miaka 14 hadi 49, Maaskofu wa Kikatoliki wa Kenya walisema ina dawa ya kufunga uzazi. Serikali, pamoja na Shirika la Afya la Ulimwengu na UNICEF, wakakana, wakasema mitambo iliyotumiwa kupima ni ya kupimia damu na mikojo ya watu, si chupa za chanjo. Hatuwalaumu akina mama waliokimbia. Waliona wanaitwa wanawake peke yao, na wa umri wa kuzaa tu. Sababu yake ilikuwa nyepesi: mtoto mchanga hupata pepopunda kitovu kikikatwa kwa kitu kichafu, na kinga yake huitoa kwa mama yake. Sababu hiyo ingetangulia kusemwa sokoni Kibuye na kwenye fukwe za Dunga kabla sindano haijafika, nusu ya maneno yale yasingepata masikio. Wapo leo mama wanaowakataza binti zao wa miaka kumi chanjo ya saratani ya shingo ya kizazi, iliyoanza kutolewa nchini Oktoba 2019, kwa uvumi ule ule. Saratani hiyo huua, nasi katika kamati yetu twawashauri waende wakachanjwe.

Mtatuuliza, basi chama kina msimamo gani juu ya amri? Wengine kati yenu wanasema aliyekataa anawahatarisha wenzake, na tajiri ana haki. Neno hilo lina uzito. Mtu wa mwisho duniani kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa mfanya kazi kama sisi, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali ya Merca huko Somalia, mwaka 1977. Wafanya kazi wa hospitali walitakiwa kuchanjwa, naye alikwepa kwa kuogopa maumivu. Aliingia garini na wagonjwa kumwonyesha dereva njia, akaambukizwa. Akapona, na katika uzee wake akawa akizunguka kuwahimiza wazazi wawapeleke watoto kuchanjwa polio, akiwasimulia habari zake mwenyewe, mpaka alipokufa kwa malaria mwaka 2013. Sisi twaona hivi: amri ya hospitali haikumchanja, ilimfundisha kukwepa tu. Anayelazimishwa bila kuulizwa anachoogopa hutafuta mlango wa nyuma, na mwaka 2021 hapa Kenya vyeti vya kununua havikukosekana.

Kwa hiyo tajiri akitaka chanjo kazini, kwanza azungumze na chama. Katiba ya 2010, kifungu cha 41, yampa kila mfanya kazi haki ya kutendewa kwa uadilifu kazini. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 41 nacho (namba zimefanana, msichanganye), yasema kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa, sharti aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanya kazi mwenziwe au mwakilishi wa chama aliyemchagua. Kumsimamisha mtu langoni si kumweleza. Sheria hiyo hiyo yampa aliyefanya kazi miezi miwili mfululizo siku zisizopungua saba za ugonjwa kwa mshahara mzima, na saba kwa nusu mshahara, kila mwaka, akiwa na cheti cha daktari. Mama aliyetokwa damu siku tisa ni mgonjwa. Na kibarua aliyefanya kazi siku zinazofika mwezi mzima bila kukatizwa sheria yamhesabu kuwa mtu wa mwezi, hata kama karani amemwandika kwenye daftari la vibarua.

Katika mapatano mapya tumeiomba Halmashauri idai kwamba chanjo ikitakiwa na kazi, basi itolewe katika saa za kazi, na siku inayofuata iwe ya kupumzika kwa mshahara. Mjamzito na anayenyonyesha aonane na mkunga au daktari kwanza, bila kupoteza nafasi yake. Asiyeweza kuchanjwa apewe kazi nyingine kabla ya kutajwa neno la kufukuzwa. Na habari za mwili wa mwanamke zibaki kwa mwuguzi, zisisomwe na msimamizi. Hili la mwisho wanaume wamelicheka kamatini. Siku daftari la kliniki litakapoandika magonjwa yao wenyewe hawatacheka.

Kamati imenunua daftari. Mwanamke yeyote aliyeona badiliko baada ya chanjo yoyote, hata ya zamani, aje aandikishe tarehe, jina la chanjo, na alichokiona. Jina lake si lazima. Mambo yanayostahili tutayapeleka kwa Bodi ya Dawa na Sumu, ambayo hupokea ripoti hata kwa mgonjwa mwenyewe. Anayetokwa damu sasa asingoje daftari, aende kliniki leo.

Daftari litakuwa ofisini kila Jumamosi tangu saa nane mchana, na atakayelishika ni mwanamke. Wa zamu ya mchana waonane na wawakilishi wao wa kazini, nao watawaletea.